Gari Iliyolambishwa Chumvi

Kwanza niseme hivi: mimi si injinia. Nilisoma uinjinia wa stima miaka miwili, kisha wanafunzi wakarusha mawe, university ikafungwa, na ilipofunguliwa mimi nilikuwa nimeshazoea kulala. Hiyo ndiyo stori yote. Lakini hapa mtaa wa Dallas, mjini Embu, ukionekana mara moja karibu na gate ya university unaitwa Injinia mpaka kaburini. Pasi ikikataa kupata moto, "Iteni Injinia." Redio ikikohoa, "Injinia ako wapi?" Hata kuku ya jirani ilipokataa kulalia mayai niliitwa. Nikaenda. Nikaiangalia. Nikasema ni betri, na yule mama akauliza betri gani, kubwa ama ndogo.

Kwa hivyo gari ya anko Kithaka ilipokataa kuchaji, wiki ile ya harusi ya binti yake Igoki, mnajua ni nani aliitwa.

Anko Kithaka ni ndugu ya mama yangu. Kazi yake ilikuwa afisa wa afya kabla astaafu, na hiyo gari aliachiwa na mzungu wa Denmark ambaye walikuwa naye kwa mradi wa maji. Gari yenyewe ilikuwa nyeupe, ndogo kama friji imelazwa chini, viti viwili mbele, na nyuma kijisehemu cha kuwekea shopping. Haikuwa inakunywa petroli hata tone. Unaichomeka kwa ukuta kama pasi, inakunywa stima usiku mzima, asubuhi inatembea kimya mpaka mbwa zinashindwa zibweke ama ziache. Mzungu alikuwa anaichaji kwake, kwa soketi aliyojiwekea mwenyewe. Akaenda kwao. Anko akaileta nyumbani na chaji ya mwisho mwisho, ikaingia gate, ikafika kando ya jikoni, na hapo ikaota mizizi.

Ingekuwa ni wiki ingine tungeiacha ikae hapo kuku zitagie ndani. Anti Virginia, bibi ya anko, alikuwa tayari ameipimia nyasi. Lakini kulikuwa na mambo ya cucu, nyanya yetu.

Cucu yetu anaitwa Igoki. Binti wa kwanza wa anko amepewa jina lake, vile desturi inataka, kwa hivyo kwetu hao si watu wawili. Cucu akimuita huyo msichana anamuita "mimi mdogo." Igoki alipopata mchumba, Vincent, kijana wa watu wa Kiirua huko Meru, cucu alitangazia soko yote ya Karurumo: "Mimi ninaolewa Umeru! Mniombee, watu wa huko ni wakali!"

Sasa shida. Cucu na petroli hawapatani. Akinusa tu, anatapika. Ametapikia basi. Ametapikia pikap ya mkwe wake. Siku moja alipewa lifti na Father kwa gari ya parokia, akamtapikia Father. Hapo ndipo alikula kiapo kwamba hatapanda tena kitu inakunywa mafuta, na amekaa Karurumo tangu siku hiyo kama mti. Na Igoki naye alisema wazi, mbele ya wazazi wote wawili, kwamba cucu asipofika kanisani hakuna harusi.

"Nitaolewa aje," aliuliza, "na mimi mwenyewe sijafika?"

Anko akapiga kifua. "Gari yangu haina petroli. Nitaenda nimlete mama yangu."

Gari hiyo ikiwa imejaa kabisa inatoka Embu mpaka Karurumo na kurudi. Ikiwa nusu, hairudi. Na siku ya Jumatatu, harusi ikiwa Jumamosi, haikuwa na nusu. Haikuwa na kitu.

*

Nilipofika nilikuta anko amepiga magoti mbele ya ka-taa kadogo kekundu kalikokuwa kanakonyeza.

"Injinia, shida ni nini?"

"Anko, si ndio nimeingia? Ngoja niangalie."

"Unaangalia na macho ama na degree?"

Nikaangalia. Plagi yake ilikuwa ya huko Ulaya, miguu miwili ya mviringo. Soketi zetu ni za mashimo matatu, na hiyo haimsumbui mtu yeyote. Kila mtu anajua vile inafanywa: unachukua kifuniko cha biro, unasukuma kwa shimo la juu, yale mawili ya chini yanafunguka, unaingiza plagi yako, maisha inaendelea. Redio ya anko inakaa hivyo. Pasi inakaa hivyo. Na gari ilikuwa imekaa hivyo, kifuniko cha biro ya bluu kikiwa kimesimama kwa shimo la juu kama afande.

Nikajaribu soketi na taa. Iko na stima. Nikafungua fyuzi. Haikuwa fyuzi, ilikuwa waya ya kusugulia sufuria, anko ameikunja vizuri kabisa. Nikaweka ya ukweli. Taa bado nyekundu. Nikafuata kebo kutoka dirisha la jikoni mpaka kwa gari nikakuta ni kebo tatu zimeungwa, na mahali zimeungwa amefunga plasta ya hospitali.

"Anko, hii ni nini?"

"Si imeshika? Plasta ya serikali haiachilii."

Nikatafuta kebo moja nzima. Nyekundu. Nikafungua betri, zilikuwa nyingi kama kreti ya soda, nikauliza nani ameweka maji.

"Mimi," anti Virginia akasema. "Na nilichemsha kwanza. Nikachuja na leso safi."

"Anti, betri haitaki maji ya kuchemsha. Inataka maji ya betri."

"Kwa hii nyumba tunachemsha maji," anko akasema. "Mimi nilikuwa afisa wa afya."

Tukamwita Salesio, fundi wa stima wa hapo Dallas. Salesio akagusa soketi na tester yake, akagusa kebo, akazunguka gari mara moja, akasema, "Hii si shida ya stima. Ni shida ya gari." Akaenda. Tukaleta makanika wa garage. Akafungua boneti, akakosa injini, akaogopa, akafunga. "Hii si shida ya gari," akasema. "Ni shida ya stima." Akaenda. Nyekundu.

Kisha Salesio akarudi kuchukua tester amesahau, na katika kuichukua akatupa neno moja: labda stima ni kidogo, jioni watu wakiwasha TV kila mahali moto unapungua. Hakungoja kuona hilo neno limeangukia nani. Anko Kithaka alivaa koti. Akapita nyumba kwa nyumba, laini yote, akiomba watu wazime TV kwa sababu ya mama yake. Na watu wa Dallas ni watu wazuri, wakazima. Laini yote ikawa giza saa ya habari. Tukasimama tukaangalia ka-taa.

Nyekundu.

"Kithaka!" jirani akaita juu ya ua. "Sasa tuambie wewe! Habari imesema nini?"

*

Jumanne anko akaleta kitabu cha gari. Kilikuwa kimeandikwa Kidenmark, herufi zingine zimekatwa katikati na mstari kama mwalimu amezikosoa. Hakuna mtu angesoma. Lakini kulikuwa na ukurasa mmoja una picha ya ile taa nyekundu, na chini ya picha, kwa wino mweusi mkubwa, neno moja limerudiwa mara nyingi: JORD.

Anko akavaa miwani. Akalisoma polepole. Akavua miwani.

"Lord," akasema.

"Imeandikwa Jord, anko."

"Watu wa huko wanasema J mahali pa L. Hata yule rafiki yangu hakuwa anasema mambo vizuri. Jord. Lord. Taa ikiwa nyekundu, Lord, Lord, Lord. Sasa hapo hujaelewa nini?"

"Anko, hiki ni kitabu cha gari."

"Na ni nani alimpa mzungu akili ya kutengeneza gari?"

Mchana wamama wa maombi wakafika, wenzake anti Virginia, wakiongozwa na mama Ednah, mwanamke mkubwa wa sauti kubwa ambaye akiomba mvua watu wanaanua nguo. Wakazunguka gari. Hapo chini palikuwa pamelowa, anti alikuwa ametoka kumwaga maji ya kufulia. Wakaimba moja, wakaimba mbili. Mama Ednah akafunga macho, akasema mahali hapa ni patakatifu, akavua viatu, akakanyaga matope na miguu yake yote miwili, akaweka mkono juu ya boneti.

Akapiga nduru.

"Nimeguswa! Nimeguswa! Inapanda mkono!"

Na ile taa ikawa kijani.

Naapa. Kijani kama nyasi ya mvua. Wamama wakaanza kuruka. Anko akapiga magoti. Igoki akatoka jikoni mbio na unga kwa mikono. Mama Ednah akashikilia, akitetemeka, akiimba, na alivyoshikilia taa ikakaa kijani, na alipoachilia ili ajipanguse jasho, ikarudi nyekundu.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya ndoo hapo hapo. Niliona kila kitu na macho yangu na sikuelewa hata kitu kimoja. Miaka miwili ya uinjinia. Nikasema ni bahati tu.

Wakamrudishia mama Ednah mkono mara ya pili. Kijani. Akiondoa, nyekundu. Mama mwingine akajaribu, yeye na viatu vyake vya raba, hakuguswa na kitu, taa haikushtuka. Wakamwambia hajafunga na kuomba vizuri. Mwishowe mama Ednah akasema imani yake ni kubwa lakini ana watoto wa kupikia, hawezi kulala ameshika gari ya watu. Akavaa viatu akaenda, akijikanda vidole.

"Tungemuomba akae tu mpaka asubuhi," anko akasema. "Tumuwekee kiti."

"Kithaka," anti Virginia akasema, "hebu ingia ndani kabla nikuweke wewe."

*

Jumatano nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimefungua hiyo gari mpaka skrubu zikanijua jina. Igoki alikuwa amelia, amenyamaza, ameanza kulia tena na gauni liko kwa hanga nyuma yake. Mtu ametumwa kutoka Karurumo kusema cucu ameshaoga, ameshavaa, anauliza gari iko wapi. Jumatano! Na anko amenisimamia mgongoni tangu asubuhi, akiuliza swali moja tu, "Sasa?" Nashika waya, "Sasa?" Naachilia waya, "Sasa?"

Nikajiambia, Munene, mpe huyu mzee kitu ya kufanya uende ulale.

"Anko," nikasema, nikijifanya mtu wa maana, "ukinunua mbuzi Ishiara, ukiileta boma, unafanya nini?"

Anko alichunga mbuzi Karurumo utoto wake wote. Ukimuuliza mambo ya mbuzi uso wake unafunguka kama duka.

"Unafunga kwa kigingi. Mbuzi ngeni ukiiachilia inarudi kwao. Unaifunga mpaka ijue udongo wa hapa."

"Ehe. Na hii imetoka wapi?"

"Denmark."

"Na mliifunga?"

Nikangoja acheke. Nilikuwa nimepanga kila kitu: atacheka, atanitupia ndara, nitaenda nyumbani nikiwa nimefukuzwa vizuri. Anko hakucheka. Aliangalia gari. Akaangalia chini. Akanishika bega.

"Injinia," akasema, pole pole, "kwa nini hukusema Jumatatu?"

Akaleta kamba ya mkonge. Hapo ningenyamaza. Lakini mzaha ukiufanya nusu ni uongo tu, na mimi kazi ya nusu ninayo tayari moja kwa maisha yangu.

"Si kamba, anko. Hii ni mnyama ya chuma. Chuma kwa chuma."

Akarudisha kamba. Akaleta mtaimbo ule mzito wa kuchimbia mashimo, akaupigilia chini na nyundo mpaka ukabaki kichwa tu. Akaleta waya ya seng'enge, akazungusha kwa mtaimbo, akazungusha kwa ile ndoano ya chuma iko chini ya gari ya kuvutwa nayo, akakaza na koleo. Gari ikakaa hapo imefungwa kama mbuzi ya ruracio, ya mahari.

Anti Virginia akasimama kwa mlango wa jikoni na mwiko. "Watu wa Kiirua watakuja Jumamosi. Watapata mkwe wao amefunga gari isitoroke."

"Wewe hujui wanyama," anko akasema. Kisha akapiga paji la uso. "Chumvi!"

"Chumvi gani, anko?" Hiyo haikuwa yangu. Hiyo alitoa mwenyewe.

"Mbuzi ngeni unailambisha chumvi kwa kigingi. Ikilamba chumvi ya boma haiendi mahali." Akaleta chumvi ya ng'ombe kutoka store, karibu nusu gunia, akaimwaga yote kwa mguu wa mtaimbo. Akafikiria. "Na ikilamba chumvi itataka maji." Akamwaga mtungi mzima wa maji juu ya ile chumvi. Udongo ulikuwa mkavu, ni Agosti, ukayanywa na kelele kama mtu mwenye kiu.

Niliondoka nikiwa nimejishika mbavu. Nikapitia kioski, nikawaambia watu wote waliokuwa hapo, tukacheka mpaka mwenye kioski akatupatia chai ya bure. Nikaenda nikalala usingizi wa mtu mzuri.

*

Asubuhi Igoki alinigongea mlango kama polisi.

"Munene! Munene, kijani!"

"Nani amekufa?"

"Kijani! Taa! Imekuwa kijani tangu jana! Baba amelala kwa gari!"

Nikakimbia na ndara ya mguu mmoja. Kweli ilikuwa kijani, haikonyezi, imetulia kama mtu ameshiba. Mshale wa chaji ulikuwa umeinuka kidogo. Anko alikuwa amekaa kwa kiti cha mbele na kikombe cha uji, akiipapasa dashboard.

"Imejua nyumbani," akaniambia kwa sauti ya chini, isiamke.

Wewe ungesema nini? Nilikaa juu ya ndoo yangu nikaiangalia hiyo taa, na nikaanza kuogopa kidogo. Kwa sababu ikiwa mbuzi na gari ni kitu kimoja, basi walimu wangu wote waliniibia.

Mchana wakaja vijana wa tenti. Walikuwa wanasimamisha tenti ya wageni uani na walihitaji kitu ya kuchimba mashimo. Wakaona mtaimbo mzuri umekaa bure kwa chumvi. Mmoja akafungua waya, akaung'oa, akaenda nao.

"Nyekundu!" Ilikuwa sauti ya anti Virginia. Hata yeye siku hizo alikuwa anapita kuangalia. "Kithaka! Nyekundu!"

Anko alitoka na sabuni kwa uso. Akaona shimo. Akaona waya imelala. Yale maneno aliwaambia wale vijana hayaandikwi, mengine ni ya Kimbeere na mengine nadhani aliyatunga hapo hapo. Walirudisha mtaimbo wakikimbia, wakaupigilia, wakafunga waya. Waya ilipogusa tu mtaimbo, kijani. Ikateleza, nyekundu. Ikagusa, kijani.

Na hapo, jameni, ndipo ilinigonga. Niliona lecture hall, niliona ubao, nilijiona nimekaa nyuma nikichora mwalimu na pembe.

"Earth!" nikapiga kelele. "Anko, ni earth!"

"Nani?"

"Earth! Lile shimo la juu la soketi si la kalamu! Ni la waya inaenda kwa udongo. Hii gari imetengenezwa ikikosa kushika udongo inakataa stima, isiue mtu. Plagi yake haifiki kwa hilo shimo, sisi tumeweka biro. Sasa mtaimbo ndio earth! Chumvi na maji zinafanya udongo mkavu upitishe stima. Na mama Ednah, si alivua viatu? Si alikanyaga matope? Mama Ednah ndiye alikuwa earth!"

Anko alijipangusa sabuni kwa jicho moja.

"Kwa hivyo unasema gari ilikuwa inataka kujua udongo wa hapa."

"Ndio! Yaani, hapana. Yaani..."

"Na si hivyo ndivyo tulisema jana?"

"Ni mimi nilisema, anko! Na nilikuwa nacheza!"

Anko akanitazama kwa huruma. Hiyo ndiyo iliniuma, hiyo huruma.

"Sasa unaona kwa nini hukumaliza," akasema. "Unasema ukweli unafikiria unacheza."

Nikaenda nikafungua kile kitabu. JORD, JORD, JORD, kumbe si Lord, ni udongo, limekaa hapo kwa wino mweusi. "Hata wewe," nikakiambia.

*

Ijumaa jioni mshale ulikuwa umefika juu kabisa. Jumamosi, jua likichomoza, anko akafungua waya, akang'oa mtaimbo, na badala ya kuuacha akauweka ndani ya gari, chini ya miguu yake, na waya, nyundo na chumvi ingine nyuma. Mimi nilipewa kile kijisehemu cha shopping, nimekunjwa na magoti kwa masikio, kwa sababu, anko alisema, huwezi kusafiri na mashine bila injinia.

Tulifika Karurumo mshale ukiwa katikati. Cucu alikuwa kando ya barabara na nguo yake ya kanisa, kitambaa cheupe kichwani, kuku mmoja kwapani na mfuko wa nailoni umekunjwa mkononi. Mfuko wa kutapikia. Hakusalimia mtu. Alizunguka gari, akainama nyuma mahali moshi hutokea, akavuta pumzi ndefu. Akasonga, akavuta ingine. Akafika kwa kioo changu.

"Hii inanuka Munene tu," akasema.

"Cucu, hii inatumia stima. Iko na betri, sasa betri..."

"Kithaka, imezoea?"

"Imelamba chumvi, mama."

"Basi twende, nisichelewe. Leo ninaolewa."

Kuku nikapewa mimi.

Kurudi ndiko kulikuwa na kazi. Barabara ya Runyenjes kuja Embu ni kona na mabonde, unashuka mtoni, unapanda, unashuka tena, na kila tukipanda mshale ulikuwa unashuka. Cucu alikuwa anaimba. Anko akaangalia mshale, akaangalia kona, na akaamua, peke yake, bila kuuliza injinia, kwamba breki inakula chaji.

"Anko, breki!"

"Nitakanyaga tukifika."

Hatukukanyaga. Kila kona tulipita kwa mwendo ule ule wa mteremko, mimi nimeangalia nyuma, barabara inatoka chini ya miguu yangu ikijinyonga kama utumbo, kuku amenitia kucha kwa paja, dirisha la nyuma halifunguki. Nilifunga macho, ikawa mbaya. Nikafungua, ikawa mbaya zaidi. Nilijaribu kukumbuka kitu chochote kizuri nikakumbuka chai ya kioski, na hiyo nayo ikaniinukia.

"Injinia, mshale uko kwa nyekundu," anko akaita.

Hata singeweza kufungua mdomo.

Mlima wa mwisho wa kuingia mji tulipanda kwa mwendo wa mtu anaenda kutoa ushahidi. Wamama wa sokoni walitupita. Cucu akatoa mkono dirishani akawapungia. Na hivyo hivyo, pole pole, bila sauti, tukaingia kwa uwanja wa kanisa, gari ikavuta pumzi ya mwisho kando ya lori mbili za watu wa Kiirua, ikasimama. Haingesonga hata hatua moja mbele.

Igoki alikuwa kwa ngazi na gauni jeupe, maua yameshikwa vibaya, uso kwa barabara. Alikuwa amekataa kuingia. Father alikuwa ametumana mara kadhaa. Alipoona kitambaa cheupe kikitoka kwa ule mlango mdogo aliinua gauni mpaka magotini akakimbia kwa changarawe.

"Mimi mdogo," cucu akasema, akimshika mashavu. "Wacha kulia, unatuharibia uso. Bwana yetu ako wapi?"

Mzee Kiogora, baba ya Vincent, alikuwa amesimama hapo na kofia yake ya kilabu cha wakulima. Siku ile ya posa alikuwa ameambiwa habari ya gari isiyo na petroli akacheka mpaka akakohoa. Sasa hakucheka. Alikuwa anaangalia anko Kithaka, ambaye ameshatoa mtaimbo, amevua koti la harusi, na alikuwa anaupigilia kwa uwanja wa kanisa, waya ya seng'enge imening'inia begani.

"Kithaka," akauliza na lafudhi yake ya Kimeru, "mbona unafunga ngari?"

"Hapa kanisani haijazoea."

Mzee Kiogora akafikiria. Kiirua wana ng'ombe pia. "Na chumvi?"

"Iko kwa buti, nyuma."

Hapo ndipo nilitoka. Niliona ni lazima mtu mmoja mwenye akili aseme neno moja tu, earth, mbele ya hawa watu wa Meru, kabla hii ujinga ivuke mto Kathita ikaenda mpaka Kiirua. Nikasimama. Dunia yenyewe ilikuwa bado inapiga kona. Nikafungua mdomo niseme.

Cucu aliona mapema. Mwenye ugonjwa wake anaujua. Aliacha bibi harusi, akanifikia, akakunjua ule mfuko wake mkavu, msafi, akaniwekea chini ya kidevu.

"Shika, mjukuu. Mimi sijauhitaji."

Nikainama. Kuku alikuwa bado amenishika suruali.

"Na huyu ni nani?" nikasikia mzee Kiogora akiuliza.

"Huyo ni injinia wetu," anko akasema, bila kuacha kupiga nyundo. "Lakini hakumaliza."

"Mwacheni," cucu akasema, akinipapasa mgongo, huku kengele ya kanisa ikianza kulia. "Mwacheni amalize, ndio tuingie."